Baridi ya Mtungi

Kazini walimwita Injinia, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Nyumbani alikuwa mke wa mwalimu wa jiografia na mama wa mabinti wawili waliokwisha kuolewa. Kwa mama yake mzazi alikuwa kitinda mimba, yule ambaye hata akivuka hamsini bado ataulizwa kama amekula. Lakini mle karakanani, chumba kirefu nyuma ya maabara za chuo, chenye madirisha ya vioo vya ukungu na feni iliyozunguka kwa kusuasua, alikuwa Injinia, basi, na asiyetaka aende zake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza baridi. Si barafu. Ukimwambia barafu umemuudhi, na watu wa utawala walilijua hilo vizuri, ndiyo maana kila akipita mlangoni kwao walimwita Mama Barafu na kumwomba vipande viwili vya kutia kwenye juisi. Aliwajibu kwa macho makavu kwamba barafu kwake ni joto. Wao walicheka wakidhani anatania, lakini mwenzenu hakuwa anatania hata kidogo. Maji yanapoganda, baridi aliyoitafuta yeye ilikuwa haijaanza hata kunyoosha miguu.

Mashine yenyewe ungeweza kuitia kwenye boksi la viatu na kufunga kifuniko. Ndani kulikuwa na kompresa ya friji ndogo, na koili ya mabomba ya shaba, bomba ndani ya bomba, iliyosokotwa ikabanwa mpaka ikakaa kiganjani. Mwisho wa koili palikuwa na kijibomba chembamba mno ambacho wao wenyewe walikiita unywele. Kompresa inaisukuma gesi, gesi inajipenyeza kwenye unywele kwa shida, na ikitokea upande wa pili inatanuka ghafla na kupoa. Iliyopoa inarudi na kuipoza inayokuja. Inayokuja inapoa zaidi, nayo inarudi, na mambo yanaendelea hivyo mpaka ncha ya shaba mbele ya mashine, nene kiasi cha kidole gumba, inaota ukungu mweupe.

Ila gesi ya aina moja peke yake, kwa kompresa ndogo vile, haifiki mbali. Inabidi uchanganye: butani, propani, ethani, methani, naitrojeni, kila moja kwa kipimo chake, kila moja inashika ngazi yake ya baridi na kumkabidhi mwenzake anayefuata. Mchanganyiko huo karakanani uliitwa mchuzi. Ukizidisha kitu kimoja mchuzi umeharibika, na wa kulaumiwa ni mpishi. Gesi yenyewe haikuwa nyingi, labda ya viberiti vya gesi viwili vitatu, lakini Injinia aliweza kukaa asubuhi nzima akibishana nayo.

Walikuwa wawili tu humo ndani. Wa pili alikuwa mchomeleaji mmoja mtu mzima ambaye ujanani aliunganisha mabomba kwa risasi, na tangu hapo jina likamganda: Risasi. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mdomo wake haukujua kutulia. Akiwa na kazi ngumu ya kuunganisha unywele kwenye koili, angeongea na ule unywele kama anambembeleza mkwe: haya bibie, ingia, karibu ndani, usione haya. Na ungeingia.

Sasa, mashine hii haikuzaliwa chuoni, hata kama ripoti za chuo zinasema hivyo. Ilizaliwa jikoni kwa mama yao, karibu miaka kumi iliyopita, siku watoto wote walipokutana kumtazama mama aliyekuwa ametoka kupasuliwa jicho. Injinia alikuwa anasuuza vyombo, dada yake mkubwa anavifuta.

Huyo dada alikuwa muuguzi katika kituo cha afya upande wa pili wa mji. Kwa kuwa kila muuguzi huitwa Sista, dunia nzima ilimwita Sista, hata mumewe. Injinia peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Dada. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na viatu vya mpira, na kwa kuwa kifungua mimba ndiye aliyewalea wadogo zake wote wakati mama yao yuko kazini, kwa hiyo heshima yake haikuwa ya kujadiliwa.

Mwisho wa korido ya kituo chake palikuwa na chumba kimoja kidogo cha kina mama. Humo Sista aliwapima mlango wa kizazi kwa siki. Unapaka siki, unasubiri kidogo, na penye hatari panageuka peupe. Doa likiwa bado dogo halihitaji kisu wala kulazwa. Unaligusisha ncha ya chuma yenye baridi kali, linaganda, unaliacha liyeyuke, unaligandisha tena, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Likiachwa, linaweza kugeuka saratani. Ndiyo habari yenyewe, haina kona.

Baridi hiyo ilitoka kwenye mtungi wa gesi, na mtungi uliletwa na lori, na lori lilikuja lilipojisikia. Mtungi ukiisha, kina mama walijipanga kwenye benchi, Sista akatoka na kuwaambia warudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika akatoka tena na maneno yaleyale. Wengine walirudi, wengine walichoka.

"Umeisha tena," Dada alisema siku hiyo jikoni, huku akiifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Nimewarudisha wote. Mdogo wangu, wewe si unajifanya fundi wa baridi? Nitengenezee kitu kidogo nichomeke ukutani, kinipe baridi ya mtungi."

"Baridi ya mtungi?"

"Baridi ya mtungi. Isipungue hata kidogo."

"Hiyo ni kali sana, Dada."

"Ndiyo hiyohiyo naitaka. Unaweza au nimtafute mwingine?"

"Naweza," Injinia alisema, na akaahidi pale pale, mikono ikiwa na povu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kwa kusuka koili na kuharibu koili. Mwaka wa pili mashine ikaamka. Ncha ikashuka taratibu mpaka sabini chini ya sifuri, ikatulia hapo siku nzima bila kukohoa. Risasi alipiga makofi. Injinia hakupiga. Alimpigia simu dada yake jioni ile akamwambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusifiwa mapema, kwamba imefika sabini.

"Sabini ndiyo nini?" Dada aliuliza. Kule kituoni hakuna aliyepima baridi kwa digrii. Walitazama mshale wa saa ya mtungi kama uko kwenye kijani, na walitazama ukungu mweupe umetambaa umbali gani kutoka kwenye ncha. Hayo yaliwatosha.

"Bado iko mbali na mtungi. Sana."

"Basi endelea. Usinifanyie kazi nusu nusu."

Akaendelea. Lo! Aliendelea yule mwanamke. Aliibomoa ile ya sabini akachukua kompresa yake, akabadilisha mchuzi, akaongeza methani, akaongeza naitrojeni. Ikafika mia, ikafika mia na ishirini. Hapo mafuta ya kompresa yakaanza kusafiri na gesi na kugandia ndani ya unywele. Unasikia mluzi mwembamba wa gesi, ssss, halafu kimya. "Amekabwa," Risasi angesema, na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Wakaweka chujio. Wakaweka chujio juu ya chujio. Unyevu nao ukaleta yake. Ikafika mia na hamsini, ikakabwa. Mwaka uliofuata, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, ikafika mia na themanini, na Injinia alisimama mbele ya kipimajoto amejishika kifua kama bibi harusi. Kisha ikakabwa.

Hapa lazima niseme kitu ambacho mwenyewe hakukisema kwa mtu. Ilikuwa imemnoga. Mwanzoni alikuwa anamfanyia dada yake, hilo halina ubishi, lakini mtu hawezi kukimbizana na kitu miaka yote hiyo asikipende. Alikwenda kwenye mikutano ya wataalamu akaonyesha michoro yake, na watu wenye vipara walimshika mkono wakamwambia kazi yake si mchezo. Alirudi akiwa mrefu zaidi. Na kila mara dada yake alipouliza, "Imefika baridi ya mtungi?" alijibu, "Bado kidogo," na neno hilo halikumuuma, kwa sababu lilimaanisha kesho kuna kazi.

Kisha mwaka huu Dada akapiga simu asubuhi, saa ambazo huwa hapigi.

"Nastaafu mwisho wa mwezi ujao," alisema. "Barua imekuja."

"Hongera, Dada."

"Hongera ya nini? Sikiliza. Mganga mkuu anasema nikiondoka, kile chumba wanakigeuza stoo. Mtungi wenyewe hauji, na mtu wa kukifanyia kazi hayupo. Nimemwambia aniachie kama nikipata mashine yako, nimfundishe yule muuguzi mpya kabla sijatoka. Amekubali. Karatasi za ruhusa si zilishapita kwa madaktari tangu mwaka juzi? Kilichobaki ni wewe."

Mashine ilikuwa mezani, imefunguliwa matumbo, imekabwa tangu jana.

"Nakuja kuiona," Dada akasema. "Nimechoka kuambiwa bado."

Ni ajabu, lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga karakanani. Alisema harufu ya gesi inampa kichwa, na ngazi za chuo ni za watu wasio na magoti. Na Injinia naye hakuwahi kuingia kile chumba cha mwisho wa korido, kwa kuwa kila alipokwenda kituoni kulikuwa na mama kitandani na pazia limefungwa. Walikutana kwa mama yao, wakaulizana hali, wakaulizana habari za mtungi, kila mmoja akidhani mwenzake anaelewa.

Alifika Ijumaa, anahema, mkoba kwapani. Risasi alimletea kiti na kukifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko kiti. Walikuwa wanakagua kipimajoto wakati huo, na njia yao ya kukikagua ilikuwa kukichovya kwenye naitrojeni iliyogeuzwa maji, ambayo baridi yake inajulikana: mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Risasi aliinua kifuniko, na moshi mweupe ukamwagika kutoka kwenye chombo kipana cha bati na kutambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya mgeni.

Sista akainua miguu. "Ebo! Mnapika nini humu?"

"Hatupiki, Dada. Huo ndio mtungi."

"Mtungi gani?"

"Mtungi. Si huu unaouulizia kila siku?"

Sista aliinuka. Akakizunguka kile chombo, akainama, akachungulia kwa mbali, mkono mmoja amefunika pua.

"Huu sijawahi kuuona tangu nizaliwe," akasema. "Huu si mtungi, mdogo wangu. Hili ni debe la maziwa."

"Sasa wa kwako ukoje?"

"Si mtungi? Mtungi! Wa chuma, mrefu, unanifika hapa." Akajigusa kifuani. "Ule wa gesi ya kuzimia moto. Hii hii wanayotia kwenye soda. Lori la soda likichelewa na letu linachelewa, ni kampuni moja."

Risasi alibaki ameshika kifuniko hewani.

"Gesi ya soda," Injinia akasema.

"Ndiyo. Sijui jina lake la shule."

Jina lake la shule Injinia alilijua. Alijua pia kwamba gesi ile, uifanyeje, haiwezi kushuka chini ya sabini na nane, na kwenye ncha ya chombo cha hospitali, ikishagusa mwili wa mtu wenye joto lake, itakuwa sitini na kitu. Hakuhitaji karatasi wala kikokotoo. Alisimama tu pale, na kitu cha kwanza alichosikia ndani yake, tusimfiche, kilikuwa hasira. Kwa nini hakusema mtungi gani? Angeshindwa nini kusema, wa soda? Kisha akakumbuka kuwa na yeye hakuuliza.

Sista ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa sauti, akajishika mbavu, akamwonyesha Risasi lile debe, na Risasi, maskini, akacheka naye kwa adabu. "Mimi nataka ya soda, yeye ananitafutia ya mbinguni! Jamani! Na mimi namwambia isipungue, isipungue!" Akafuta machozi kwa kiganja. Kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Hebu kwanza," akasema. "Kuna siku uliniambia sabini."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inafanya kazi? Hiyo sabini?"

"Ndiyo, Dada."

"Bila kuziba?"

"Bila kuziba."

Sista alikaa chini. Aliupakata mkoba wake, akaangalia kwenye dirisha la kioo cha ukungu ambako hakuna kinachoonekana. Hakumgombeza. Injinia alisubiri agombezwe, na aliomba kimoyomoyo agombezwe, kwa sababu kugombezwa na dada yake alikuwa amekuzoea tangu akiwa na meno ya maziwa.

"Nitengenezee hiyo," Sista akasema mwishowe, na akashuka ngazi zake moja moja bila kukubali kushikwa mkono.

Risasi alifunga debe la naitrojeni. "Injinia," akasema, "nyinyi mngekuwa ndugu wanaogombana, tungemaliza zamani."

Kilichomuuma zaidi ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Walitoa methani, wakatoa naitrojeni, wakabaki na mchuzi mwepesi ambao hata mwanafunzi angeupatia. Unywele wakaweka mnene kidogo. Chujio moja likatosha. Risasi alichomelea viungo vyote bila kumbembeleza mtu, na mashine ilipowashwa ilikohoa mara moja, kama zilivyo kompresa za aina ile, kisha ikaanza kuunguruma kwa sauti ya chini, na ncha ikashuka mpaka sabini na tatu na kukaa. Injinia aliikalia macho akisubiri ikabwe. Haikukabwa. Kesho yake haikukabwa. Alijikuta anaichukia.

Wakaipeleka kituoni, wakaijaribu kwanza kwenye firigisi ya kuku mbele ya mganga mkuu. Sista alivaa miwani, akaigusisha ncha, akaangalia ukungu mweupe ukitambaa pembeni. Hakutazama kipimajoto hata mara moja.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akamkabidhi muuguzi mpya chombo kile mkononi, akamwonyesha namna ya kukishika. Kwa mdogo wake alisema tu, "Umefanya vizuri," kwa sauti ileile aliyowaambia wagonjwa waliokunywa dawa zao.

Siku ya kwanza ya kazi Injinia alikwenda. Hakuitwa. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya mashine, pengine itahitaji mtu. Sista alimzuia mlangoni: ndani ni kina mama, kaa pale. Basi akakaa kwenye benchi pamoja na wengine, mkoba wake wa vifaa miguuni, akiegemea ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa mabega.

Pembeni yake alikaa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa umri wake, mwembamba, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni; ameusahau. Alikuwa msemaji.

"Na wewe ulirudishwa?" akamuuliza Injinia.

"Hapana. Mimi leo ndiyo mara ya kwanza."

"Bahati yako. Mimi nimekalia benchi hili mpaka linanijua. Nikija, mtungi haujaja. Nikija, mtungi umekuja lakini umeisha kwa waliotangulia. Mwishowe nikasema potelea mbali, mimi nina nguo za watu. Mwezi uliopita Sista akanifuata mwenyewe mpaka dukani. Akasimama mlangoni na viatu vyake vile, anasema, safari hii njoo, kuna mashine." Akashusha sauti. "Eti ameitengeneza mdogo wake. Nasikia alikuwa anaitengeneza tangu enzi hizo. Sijui alikuwa anasubiri nini, mwenzangu, aposwe?"

Wanawake wawili upande wa pili wakacheka. Injinia naye akatabasamu, kwa sababu uso lazima ufanye kitu.

"Alikosea mtungi," akasema.

"Eti?"

Lakini mlango ukafunguka na muuguzi mpya akamwita fundi cherehani kwa ishara. Akainuka, akajikung'uta gauni. "Nishikie mkoba," akamwambia Injinia, na kumwekea mapajani bila kusubiri jibu.

Mlango ukafungwa. Injinia alisikiliza. Alijua kila hatua itakayofuata: kwanza siki, kisha kusubiri, kisha swichi, kile kikohozi kimoja, halafu mngurumo. Alijua mngurumo huo angeusikia hata kupitia mbao. Alisubiri. Ndani palisikika sauti ya Sista, ya chini, kisha chuma kikiwekwa kwenye chuma. Akasubiri tena. Hakuna kikohozi. Imegoma, akawaza. Imegoma siku ya kwanza, mbele ya Dada. Alikuwa ameshaanza kutafuta bisibisi yake alipoona mlango unafunguka na Sista anatoka, anaurudishia nyuma yake.

"Imekuwaje?" Injinia akanong'ona. "Umeme?"

"Mashine ni nzima. Sijaiwasha."

"Kwa nini?"

Sista alivua glovu moja. "Doa limepita ukubwa wa ncha. Limeingia ndani, mwisho wake siuoni. Hapo baridi haisaidii kitu, hata hiyo yako ya mbinguni. Namwandikia aende hospitali kubwa leo hii, wamkate kipande, wapime."

"Ni saratani?"

"Sijui. Watasema wao."

"Na mwanzoni lilikuwaje? Mara ya kwanza alipokuja?"

"Dogo. Dogo kabisa."

"Lini hiyo?"

Sista alimtazama mdogo wake. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu.

"Mwaka ule ulionipigia simu ukaniambia sabini," akasema, na akarudi ndani.

Injinia alibaki na mkoba wa watu mapajani. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Wale wanawake wawili hawakusikia maneno, lakini wameona sura.

Baada ya muda fundi cherehani akatoka, karatasi mkononi, imekunjwa. Alikuwa amejikaza. Utepe aliuvua shingoni akauzungusha vidoleni.

"Mimi bado," akawaambia wote kwa pamoja. "Naambiwa niende hospitali kubwa. Mashine yenyewe nimeiona lakini. Ndogo, nzuri. Nyinyi mtapona." Akamgeukia Injinia na kunyoosha mkono. "Asante, dada. Nipe mkoba."

"Nitakusindikiza," Injinia akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Na zamu yako?"

"Mimi si mgonjwa."

"Sasa ulikuwa umekaa hapa unafanya nini?"

Injinia alitazama mlango, akatazama sakafu. Uongo ulikuwa karibu, na ungemfaa kila mtu.

"Mimi ndiye mdogo wake Sista," akasema. "Wa mashine."

Fundi cherehani alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kwa utaratibu, jicho la mtu anayechukua vipimo. Mle ndani muuguzi mpya aliita mama mwingine, mlango ukafungwa, na nyuma ya mbao mashine ikakohoa mara moja na kuanza kuunguruma. Wote kwenye benchi wakageuza vichwa kusikiliza, isipokuwa hao wawili.

"Haya," fundi cherehani akasema, na mkono aliokuwa ameunyoosha akaushusha. "Basi beba wewe. Ni mzito, una nguo za watu ndani."